Siku ya Kutazama Ndege Wahamaji Katika Hori ya Mida na Mlango wa Sabaki, Desemba hadi Machi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, walimu na familia zinazopanga kutumia siku nzima kutazama ndege wa pwani na wa matopeni katika Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, katika miezi ambayo nchi za kaskazini ya dunia zimo katikati ya majira ya baridi. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi: ndege wa pwani hii hufuata maji, na anayepanga siku yake bila kuangalia kujaa na kupwa atarudi nyumbani ameona tope tupu au maji matupu.

Kwa nini huitwa msimu wa baridi, ilhali huku kwetu ndiyo miezi ya joto kali?

Baridi inayozungumziwa ni ya kule ndege hawa wanakozaliana. Nyanda za tundra za kaskazini mwa Siberia hufunikwa na theluji, ardhi huganda, na ndege anayeishi kwa kula wadudu, minyoo na kaa wadogo hawezi kupata riziki huko kwa miezi mingi ya mwaka. Ndege wazima huanza kuonekana pwani ya Afrika Mashariki tangu mwezi wa Agosti, na wale waliozaliwa mwaka huohuo huja nyuma yao Septemba na Oktoba, wengi wao bila kuongozwa na wazazi wao. Kufikia Desemba, upepo wa kaskazi unapokuwa umeshika, makundi huwa yametulia mahali pamoja na hayahami tena ovyo. Kwa sababu hiyohiyo sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967, hufanywa mwezi wa Januari. Mtu mwenye nafasi ya siku moja tu kwa mwaka na achague siku ya Januari au Februari.

Ndege hawa wanatoka wapi hasa?

Wanatoka sehemu nyingi, na uzuri wa Mida ni kwamba unaweza kuwaona wote wakiwa wamesimama kwenye fungu moja la mchanga. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea, huzaliana kwenye rasi ya Taimyr na maeneo jirani ya Siberia, umbali unaozidi kilomita 8,000 kutoka Watamu, mji ulio kando ya hori. Ndege wa mchangani wenye midomo mifupi na macho makubwa, ambao huonekana wengi sana kwenye hori, hutoka nyika kavu na milima ya Asia ya Kati. Ndege mla kaa, ambaye ana swali lake hapa chini, hatoki mbali kiasi hicho: huzaliana kwenye fukwe za Ghuba, Oman, Yemen, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha hufuata pwani kuja kusini, kwa njia ambayo majahazi yaliifuata kwa karne nyingi.

Wengi huuliza ikiwa kweli ndege mdogo anaweza kusafiri hivyo bila kutua. Mfano uliothibitishwa vizuri kuliko yote hautoki pwani yetu, lakini unamhusu ndege wa jamii hii hii: mwezi wa Oktoba 2022, ndege wa aina ya Limosa lapponica mwenye umri wa miezi mitano, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua popote. Ndege wa aina yake hufika Mida pia, ingawa kwa idadi ndogo.

Siku ianze saa ngapi?

Anza na kalenda ya mwezi mwandamo, si na saa. Wavuvi wa Watamu na Malindi hawahitaji kufundishwa jambo hili: siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, kwa tofauti inayozidi mita 3; na siku za kati, mwezi unapokuwa nusu, ni za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Kwenye sehemu hii ya pwani, wakati wa bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hivyo, juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo huwa yamegeuka na maji hujaa asubuhi ya saa nne.

Maana yake kwa mtazamaji ni hii. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege huwa wametawanyika kwenye eneo lote la tope na mchanga, wengine wakiwa mbali mno hata kwa darubini nzuri, na joto la mchana hufanya hewa itetemeke juu ya tope kiasi kwamba huwezi kuona rangi ya mguu wala umbo la mdomo. Maji yanapoanza kupanda, sehemu za kulishia huzidi kupungua, na ndege husukumwa taratibu kuelekea ukingoni, yaani kuelekea ulipokaa wewe. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa ndizo zenye thamani kubwa kuliko saa nyingine zote za siku. Wakati wa bamvua, saa hizo ni kuanzia saa saba au saa nane mchana, na kwa bahati njema kibanda cha kutazamia ndege cha Mida kiko upande wa magharibi wa hori, hivyo jua la alasiri huwa mgongoni mwako na kuwaangaza ndege walio mbele yako. Asubuhi, mtu aliyeketi hapohapo huona vivuli vyeusi tu.

Kwa hiyo ratiba inayofaa siku ya bamvua ni kuanza mlango wa Sabaki alfajiri na mapema, kupumzika mahali penye kivuli katikati ya mchana, na kuwa Mida kuanzia saa saba. Siku ya maji mafu, ambapo sehemu kubwa ya tope haifunikwi kabisa na ndege hawalazimiki kusogea, nenda Sabaki uitumie siku yako huko.

Hori ya Mida iko wapi, na nisimame wapi?

Hori hii, ambayo katika ramani na vibao huandikwa Mida Creek, ni mkono wa bahari wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32, ulioingia bara nyuma ya Watamu na kuzungukwa na mikoko. Upande wake wa bara kuna barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na ng'ambo ya barabara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Anayesafiri kwa matatu hushuka njiani, upande wa kusini wa Gede, na kumalizia safari kwa bodaboda au kwa miguu.

Kikundi cha wenyeji kinatunza daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege kinachoelekea tope. Ada ya kuingia ni ndogo na ilipwe kwa moyo mweupe: tangu mwaka 2001, mpango unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya umekuwa ukitumia mapato ya utalii wa namna hii kulipia karo za shule za sekondari kwa watoto wa jamii zinazopakana na hori na msitu. Mwombe mwongozaji wa hapo afuatane nawe. Wengi wao wamekulia ukingoni mwa hori, wanajua ni fungu lipi huzama mwisho, na maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote.

Ndege wote wanaonekana wa kahawia na kijivu. Nitawatofautishaje?

Hili ndilo swali linalowakatisha tamaa wanaoanza, na si kosa lao. Mwezi wa Januari, ndege hawa wamevaa manyoya ya kujificha; rangi zao za kuzaliana, nyekundu ya matofali, nyeusi na dhahabu, hazitarudi hadi Machi na Aprili. Ushauri wetu ni kuacha rangi kabisa kwa siku ya kwanza na kutazama jinsi ndege anavyokula.

Kuna wanaowinda kwa macho. Hawa wana mdomo mfupi na jicho kubwa; hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutazama, hudonoa, kisha hukimbia tena. Ukiona mwendo huo, umekwisha kuwaweka kando nusu ya ndege walio mbele yako, yaani ndege wa mchangani wa Asia ya Kati pamoja na binamu yao mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, ambaye akiruka huonyesha doa jeusi kwapani na hivyo hawezi kuchanganywa na mwingine.

Kuna wanaowinda kwa kugusa. Hawa hutembea polepole, vichwa vimeinama, wakichoma tope kwa mdomo mara nyingi mfululizo kama cherehani, kwa sababu ncha ya mdomo wao huhisi minyoo na kaa waliofukiwa ambao jicho haliwaoni. Hao ni vitwitwi. Mwenye mdomo uliopinda chini huingia majini hadi tumboni. Mdogo kuliko wote, Calidris minuta, mwenye uzito wa gramu 25 hivi, hudonoa juu juu kwenye tope lenye unyevu. Yule wa kijivu kilichopauka anayekimbizana na mawimbi kwenye ufuo wa bahari, akirudi kila wimbi linapopanda na kulifuata linaposhuka, ni Calidris alba, na mtu anaweza kumtambua kwa tabia hiyo akiwa umbali wa mita mia.

Halafu kuna mmoja anayestahili sifa ya pekee, kitwitwi mwenye miguu mifupi ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda juu, Xenus cinereus. Huyu hukimbiza kaa wadogo huku na huku, akibadili njia kila mara, na mara nyingine huwaosha majini kabla ya kuwameza. Pwani ya Kenya ni miongoni mwa sehemu nzuri za kumwona, na watu waliotazama ndege Ulaya kwa miaka mingi huja Mida kwa ajili yake.

Sululu ni rahisi: ni mkubwa, wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu. Wako wawili. Aliye mkubwa zaidi ana mdomo mrefu ajabu na kichwa kisicho na mistari, na huonekana kwa uchache. Mdogo wake ana mistari kichwani, na maji yakijaa utamkuta ametua juu ya matawi ya mikoko akisubiri.

Yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene ni nani?

Ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, na ikiwa utaona ndege mmoja tu kwa makini siku hiyo, tunaomba awe huyu. Hana ndugu wa karibu, kwani yuko peke yake katika familia yake. Miongoni mwa ndege wote wa ufukweni, yeye tu ndiye anayechimba shimo refu mchangani, mwishoni mwake akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia katika kuliatamia. Mdomo wake mzito mweusi umeumbwa kwa kupasua kaa.

Anavyoishi na kinda wake ndiko kunakotugusa zaidi. Ndege wengine wengi wa pwani huachana na makinda yao kule kaskazini, lakini kinda wa ndege mla kaa husafiri na mzazi, na mwezi wa Desemba au Januari bado utamwona, akiwa na manyoya ya kijivu mgongoni na umbo sawa na la mkubwa wake, akimfuata mzazi kwenye tope huku akilia na kuomba. Mzazi humkamatia kaa, akampa. Kumla kaa mwenye magando ni kazi inayohitaji kujifunza, na masomo yanaendelea hapahapa Mida. Maji yakijaa hukusanyika kwenye fungu la mwisho, wakisimama wakiwa wameshikana karibu mabega, na sauti zao husikika hadi kibandani.

Kwa nini tunakatazwa kuwasogelea ndege wakati maji yamejaa? Wanaonekana wamelala tu.

Tungependa swali hili lisomwe na kila mgeni kabla ya mengine yote. Ndege wa matopeni ana saa chache tu za kula katika kila mzunguko wa maji. Maji yakishafunika tope hawezi kupata chochote, na kazi yake hubaki moja, kupumzika na kutunza mafuta aliyojiwekea mwilini. Kila mara anaporushwa hewani na mtu, mbwa au mashua, anayachoma mafuta hayo bila uwezo wa kuyarudisha hadi maji yapwe tena. Mwezi wa Januari hasara hiyo inaweza kufidiwa. Mwezi wa Machi na Aprili, ambapo kitwitwi wa gramu 60 anapaswa kujinenepesha sana ili avuke Pembe ya Afrika na Bara Arabu bila kuishiwa nguvu, hasara ndogondogo za kila siku zinaweza kumzuia asiondoke kwa wakati au asifike.

Zaidi ya hayo, mafungu yasiyozama wakati wa bamvua ni machache. Ndege waliofukuzwa hapo hawana chaguo jingine jirani, na huzunguka hewani hadi wachoke. Kwa hiyo picha nzuri ya kundi zima likiruka, ambayo wageni wengi huitamani, ni picha ya madhara, na tunasema hivi waziwazi kwa sababu tumeona mashua zikielekezwa kwenye fungu makusudi ili wageni wapige picha hiyo.

Kipimo ni rahisi. Ndege akiacha kula au kulala na kuinua kichwa kukutazama, simama. Wakianza kutembea kuondoka, umekwisha kuwa karibu mno. Rudi nyuma polepole. Akiruka kipanga au kozi juu yao na kundi likainuka lenyewe, tazama kwa raha, kwa kuwa hilo ni jambo lao na la adui wao wa siku zote.

Mlango wa Sabaki una tofauti gani na Mida?

Sabaki uko kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi, na hapa hakuna ukimya wa mikoko. Mto unaleta udongo mwekundu kutoka bara, unaipaka bahari rangi, na kujenga vichuguu vya mchanga, vidimbwi na tope laini linalobadilika kila mwaka kulingana na mafuriko. Shakwe na buabua hukusanyika kwa wingi mdomoni mwa mto, mwari na korongo hutembelea vidimbwi, na mara nyingine flamingo hutua kwa makundi. Kitwitwi mdogo mwenye mistari miwili juu ya jicho, Calidris falcinellus, ambaye ni adimu sehemu nyingi za Afrika, hutafutwa hapa kila msimu.

Tahadhari mbili. Tope la kingo za mto linaweza kumeza mguu hadi pajani, kwa hiyo ambatana na mwenyeji. Na viboko na mamba ni wakazi wa mto huu. Usioge wala usivuke kwa miguu hata kama maji yanaonekana ni ya kina kifupi.

Nibebe nini?

Darubini ya kawaida yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha kibandani, ingawa darubini kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu hubadilisha siku nzima. Waongozaji wengine wanayo. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, viatu visivyojali tope, na daftari. Nguo za rangi tulivu ni bora kuliko nyeupe.

Je, watoto wanaweza kuja?

Ndiyo, na Mida ni bora kwao kuliko Sabaki. Waelekeze kwanza kaa wenye gando moja kubwa walio chini ya daraja, kisha waulize ni ndege gani atakayewala.

Je, kuna cha kuona zaidi ya ndege wa tope?

Kipo. Mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides, huita kutoka ndani ya matawi. Furukombe wa kigeni, Pandion haliaetus, anayetoka kaskazini, huvua samaki juu ya hori. Jua linapokaribia kuzama, subiri nusu saa zaidi: keremkerem wekundu, Merops nubicus, ambao kutwa huwinda wadudu bara, hurudi katika miezi hii kulala kwenye mikoko ya Mida, wakiingia vikundi kwa vikundi.

Baadhi ya vitwitwi huonekana hata mwezi wa Julai. Je, ni wagonjwa?

La. Wengi wao ni ndege wenye umri wa mwaka mmoja ambao bado hawajafikia kuzaliana, hivyo hubaki pwani badala ya kufunga safari isiyo na faida. Idadi yao hutofautiana mwaka hadi mwaka, na sababu mojawapo iko mbali kabisa. Kule Taimyr, panya wadogo wa tundra waitwao lemingi wakiwa wengi, mbweha hushughulika nao. Lemingi wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na mwaka huo vijana wanaofika Afrika huwa wachache.

Nimeokota ndege mwenye pete mguuni, au nimeiona kwa darubini. Nifanye nini?

Andika herufi na tarakimu zote, rangi za pete na zimekaa mguu upi, mahali na tarehe, kisha upeleke taarifa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambako kumbukumbu za pete hutunzwa. Ikiwa ndege yu hai, usimvue pete. Orodha yako ya kawaida ya siku hiyo, hata ikiwa na aina kumi tu, ina faida pia ukiiingiza katika mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za ndege walioonekana nchini.

Siwezi kufika Kilifi. Je, kuna mahali pengine?

Wakazi wa Dar es Salaam wana mashamba ya chumvi ya Kunduchi, ambako vitwitwi wengi hupumzika maji yakijaa. Wenye uwezo wa safari ndefu wanaweza kwenda delta ya Rufiji, ambayo pamoja na Mafia na Kilwa iliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, au delta ya Tana nchini Kenya, iliyoingizwa mwaka 2012. Na wasomaji walioko Oman wako karibu na Barr Al Hikman, ambako mamia ya maelfu ya ndege hawahawa hukaa majira ya baridi, ndege mla kaa akiwa miongoni mwao. Huko nako, ulizia kwanza saa ya maji kujaa.